Jimny: gari lililochongwa na sheria ya kodi

Kiwanda cha Suzuki kilichoko Kosai, mkoani Shizuoka, Japan, kinatoa magari mawili ya fo-wili ambayo ukiyaona kwa mbali utaapa ni gari moja. Chesi ni ileile, milango ni ileile, kioo cha mbele ni kilekile kilichosimama wima. Tofauti iko kwenye bampa, kwenye madigadi ya plastiki yanayofunika matairi, kwenye upana wa ekseli na kwenye injini. La kwanza, Jimny yenyewe, lina injini ya cc 658 yenye turbo, urefu wa milimita 3,395 na upana wa milimita 1,475. La pili, Jimny Sierra, lina injini ya cc 1,462, urefu wa 3,550 na upana wa 1,645. Kodi ya mwaka ya la kwanza ni yen 10,800. Ya la pili ni yen 30,500.

Vipimo hivyo havikuja kwa bahati. Kanuni za Japan zinataka gari la daraja la kei, yaani magari madogo yanayotozwa kodi ndogo, lisizidi urefu wa mita 3.4, upana wa mita 1.48 na injini ya cc 660. Jimny imesimama milimita 5 tu ndani ya mstari kwa urefu, na milimita 5 tu kwa upana. Aliyeichora alikuwa na rula mkononi na kitabu cha sheria pembeni.

Mashabiki wa gari hili hulisimulia kwa lugha ya mapenzi: kadogo, kashupavu, kanakopita pale majitu yanapokwama. Sina ugomvi na mapenzi hayo, ila yanaficha jambo. Hakuna fundi aliyekaa akaamua kwamba udogo ni fadhila. Udogo ulitoka wizarani. Kazi ya Suzuki kwa zaidi ya miaka 50 imekuwa kuamua kipi kikatwe ili gari litoshe kwenye kipimo, na kipi kisiguswe kwa gharama yoyote. Historia ya Jimny imo humo kwenye uamuzi huo. Na ukiifuata mpaka mwisho utaona kwamba kila ilipotoka nje ya nchi iliyoitungia kipimo, ilikuta vipimo vya watu wengine, na vingine nusura viiue.

Fo-wili za Japan baada ya Vita Kuu ya Pili zilizaliwa kwa ajili ya serikali na majeshi. Vita vya Korea vilipozuka mwaka 1950, jeshi la Marekani lilihitaji magari ya jirani, na polisi wa akiba wa Japan nao walikuwa wanajipanga. Toyota ikatoa BJ mwaka 1951, mzazi wa Land Cruiser. Nissan ikatoa Patrol mwaka huohuo. Mitsubishi ikaanza kuunganisha Jeep kwa leseni ya Willys mwaka 1953. Yote yalikuwa magari ya injini kubwa, ya kununuliwa na taasisi yenye fungu. Mtu wa kawaida aliyeishi milimani, mkata miti au mvuvi wa pwani yenye theluji, hakuwamo kwenye hesabu.

Upande wa pili wa soko kulikuwa na kei, daraja lililowekwa mwaka 1949 ili raia wa nchi iliyovunjwa na vita wapate chombo cha moto wanachokimudu. Katikati ya miaka ya 1950 kipimo cha injini kilitulia kwenye cc 360. Mwenye kei alilipa kodi ndogo, na sheria ya mwaka 1962 ilipotaka kila mnunuzi wa gari aonyeshe kwanza kwamba ana mahali pa kuliegesha, kei zilisamehewa. Suzuki, kampuni iliyoanza kwa kutengeneza mitambo ya kufumia nguo huko Hamamatsu mwaka 1909, iliingia kwenye magari kwa mlango huo, na Suzulight yake ya mwaka 1955. Kwa hiyo kampuni iliijua kei nje ndani. Kitu ambacho haikuwa nacho ni fo-wili, na wala haikuwa ikiitafuta.

Wazo lilitoka kwa kampuni nyingine ambayo leo karibu kila mtu ameisahau. Hope Motor Company ya Tokyo, chini ya mwasisi wake Sadao Ono, ilikuwa imetengeneza vigari vya magurudumu matatu katika miaka ya 1950, ikabanwa na wakubwa, ikaacha magari. Kisha mwishoni mwa miaka ya 1960 ikarudi na kitu cha ajabu: ON360, fo-wili ya daraja la kei, isiyo na milango, yenye injini ya Mitsubishi ya cc 359 inayopozwa kwa hewa. Injini ilitoa nguvu za farasi 21. Zikatengenezwa chache mno. Hope haikuwa na mtaji wa kuendelea, na Mitsubishi, ambayo tayari ilikuwa na Jeep yake, haikuvutiwa.

Haki za gari zikanunuliwa na Suzuki mwaka 1968, na aliyelisukuma jambo hilo ni Osamu Suzuki. Huyu hakuzaliwa na jina hilo. Alizaliwa Osamu Matsuda mwaka 1930, akaoa mjukuu wa mwasisi Michio Suzuki, na kwa desturi ya Kijapani akachukua jina la ukoo wa mke. Aliingia kwenye kampuni mwaka 1958, na wakati wa suala la Hope alikuwa bado hajafika kwenye kiti cha urais, alichokipata mwaka 1978. Ndani ya kampuni wengi hawakuona gari lile litauzwa kwa nani. Yeye akashikilia. Alipofariki Desemba 2024 akiwa na miaka 94, alikuwa amesifiwa zaidi kwa kuipeleka Suzuki India, lakini nadhani uamuzi wa mwaka 1968 unaeleza tabia yake vizuri zaidi: alinunua kwa bei ndogo kitu ambacho wakubwa walikuwa wamekiangalia na kukipuuza.

Jimny ya kwanza, LJ10, ilitoka Aprili 1970. Suzuki ilitoa injini ya Mitsubishi, ikaweka yake ya mipigo miwili, silinda mbili, cc 359, nguvu za farasi 25. Lakini kuna kitu kimoja ndani ya gari lile ambacho kwangu ni ufunguo wa yote yaliyofuata. Fo-wili ya kawaida hubeba tairi la akiba mgongoni, juu ya mlango wa nyuma. LJ10 ingelibeba hivyo, urefu ungepita mita 3, na kipimo cha kei wakati ule kilikuwa mita 3. Tairi likahamishiwa ndani, nyuma ya viti vya mbele, na abiria mmoja akakosa pa kukaa. Gari likauzwa likiwa na viti vitatu.

Hebu tafakari ni vitu gani wangeweza kukata badala ya kiti kile. Wangeweza kuweka matairi madogo kama ya kei nyingine, wakaokoa nafasi na uzito. Waliweka ya inchi 16. Wangeweza kuachana na chesi ya vyuma viwili virefu, wakajenga bodi nyepesi ya kujibeba yenyewe, hawakufanya hivyo. Ekseli zilibaki zile nzima nzima mbele na nyuma, zikakaa juu ya springi za bapa, na pembeni ya gia ya kawaida kukawa na gia nyingine ya kupunguza mwendo na kuongeza nguvu kwenye mlima. Gari zima lilikuwa na uzito wa takriban kilo 600. Abiria wa nne ndiye aliyelipa gharama. Kwa mtu anayepanda msituni na mwenzake mmoja na msumeno, ile ilikuwa bei halali.

Ekseli nzima ina maana yake. Gurudumu la kushoto likipanda juu ya jiwe, ekseli inainama na kulisukuma la kulia chini, likaendelea kuigusa ardhi na kukokota. Katika gari lenye magurudumu yanayojitegemea, gurudumu moja hupanda na jingine hubaki lilipo, na mara nyingi likaishia kuzunguka hewani. Ubaya wa ekseli nzima unakuja lami ikinyooka na mwendo ukiongezeka: kila shimo la upande mmoja linasikika upande wa pili, na usukani haukai kimya. Lakini kei nchini Japan ilikatazwa kuzidi kilomita 80 kwa saa kwenye barabara kuu za haraka, na katazo hilo lilidumu hadi mwaka 2000. Sheria ileile iliyolibana gari kwa umbo ililikinga na mahali ambapo udhaifu wake ungeonekana.

Baada ya hapo gari likawa linakua kila wizara inapolegeza kamba. Injini ya mwaka 1972 ilipozwa kwa maji. Kipimo cha kei kilipopandishwa hadi cc 550 mwaka 1976, na urefu hadi mita 3.2, Jimny ikapata silinda tatu na cc 539. Kilipopanda hadi cc 660 mwaka 1990, ikapata cc 657. Oktoba 1998 mipaka ya sasa ya mita 3.4 kwa 1.48 ilipoanza kutumika, Jimny ya kizazi cha tatu ilitoka mwezi huohuo. Weka tarehe za sheria upande mmoja na za Jimny upande wa pili, usomaji wako umekwisha.

Kizazi cha pili, cha mwaka 1981, ndicho kilichoipa Jimny uso ambao dunia iliujua: boksi la kona kali, boneti bapa, taa za duara. Nyumbani kiliendelea na injini ya mipigo miwili hadi mwaka 1987, wakati karibu watengenezaji wote wa magari walikuwa wameshaizika. Nje ya nchi kilipewa injini ya cc 970, na mwaka 1984 ya lita 1.3, kikaanza kutapakaa kwa majina tele. Hispania kilitengenezwa na Santana huko Linares. Australia kiliuzwa na Holden kwa jina la Drover. Indonesia kilikuwa Katana, na toleo lililopendwa huko lilikokotwa kwa magurudumu ya nyuma tu, jambo ambalo mashabiki wa fo-wili hawapendi kukumbushwa.

India ni hadithi ya peke yake. Suzuki ilitia saini na Maruti Udyog, kampuni ya serikali, mwaka 1982. Mwishoni mwa mwaka 1985 ikatoka Maruti Gypsy, Jimny ya kizazi cha pili iliyorefushwa chesi. Jeshi la India likaichukua kwa wingi, polisi wakaichukua, waandaaji wa mbio za magari wakaichukua. Gypsy iliendelea kutengenezwa hadi miaka ya mwisho ya 2010, miongo mitatu na ushee baada ya kuanza, ikiwa na springi za bapa zilezile. Huko hakukuwa na kei, na bado gari liliishi, kwa sababu mnunuzi mkubwa alikuwa na matumizi yaleyale ya mkata miti wa Japan: njia mbovu, mwendo mdogo, fundi wa kulitengeneza palepale.

Marekani mambo yakawa mengine. Kizazi hichohicho kilifika kule mwishoni mwa mwaka 1985 kwa jina la Samurai, kikiwa miongoni mwa fo-wili za bei nafuu kabisa sokoni. Walionunua walikuwa vijana. Walilipeleka ufukweni, walilipandisha matairi, na walilikimbiza kwenye barabara kuu kwa mwendo ambao kei ya nyumbani isingeruhusiwa kuufikia. Katika toleo la Julai 1988 jarida la Consumer Reports liliipa Samurai alama ya "haikubaliki", likidai inapinduka kwa urahisi inapokwepa kitu barabarani. Picha za gari likiwa limeinuka kwa magurudumu mawili zilizunguka kwenye televisheni. Mauzo yakaanguka.

Mwaka huohuo mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ilikataa ombi la kulirudisha gari kiwandani, ikiona kwamba halikuwa na tofauti ya maana na mengine ya aina yake. Suzuki ilifungua kesi mwaka 1996, ikidai kwamba njia ya majaribio ilibadilishwa baada ya gari kuipita salama. Kesi iliburutwa hadi mwaka 2004, pande mbili zikamalizana nje ya mahakama, na wachapishaji wa jarida wakasema hawakukusudia kudai kwamba Samurai inapinduka kirahisi katika uendeshaji wa kawaida. Ilikuwa imechelewa. Samurai ilishaondoka Marekani tangu mwaka 1995, na Jimny haikurudi tena katika soko lile.

Nimesoma mabishano mengi ya pande hizo mbili na siamini kwamba kuna upande uliosema lote. Gari refu kwa kimo, jembamba, fupi, lenye ekseli nzima, linataka dereva anayejua amekalia nini. Hilo si siri, ni fizikia. Lakini vilevile sioni haki kuchukua gari ambalo upana wake ulitokana na vichochoro vya vijiji vya Japan, ukalipima kwa kona za ghafla za barabara kuu, kisha ukashangaa. Kosa la Suzuki lilikuwa la kibiashara: iliuza zana kwa watu waliotaka kitu cha kuchezea, na matangazo yake hayakusaidia kutofautisha.

Na kampuni ililijua hilo mapema. Mwaka 1988, mwaka uleule wa balaa, Suzuki ilitoa Escudo, ambayo nje iliitwa Vitara. Ilikuwa na sura ya fo-wili, ila ndani ilikuwa laini, pana, na mbele magurudumu yalijitegemea. Toyota ikaja na RAV4 mwaka 1994, ikaondoa kabisa chesi ya kujitegemea, na kuanzia hapo soko la dunia likahamia upande huo moja kwa moja. Kwa hiyo Suzuki yenyewe ilisaidia kufungua njia ya magari ambayo yangeifanya Jimny ionekane ya kizamani. Ingekuwa rahisi kuifuta. Mitsubishi ilijaribu kuiteka kei ya fo-wili kwa Pajero Mini mwaka 1994, Daihatsu ikaleta Terios Kid mwaka 1998, zote zikiwa na bodi ya kujibeba na starehe zaidi lami. Zote mbili zilikufa mwaka 2012. Mwaka 2019 hata Pajero kubwa iliondolewa sokoni Japan.

Sidhani Jimny ilinusurika kwa sababu ya uaminifu wa kampuni kwa mila. Ilinusurika kwa sababu ilikuwa haigharimu sana kuiacha iishi. Kizazi cha tatu kiliuzwa miaka 20, kuanzia 1998 hadi 2018, mitambo ya kiwandani ikiwa imeshalipiwa zamani. Mabadiliko yalikuja kidogo kidogo. Springi za bapa zilikuwa zimeshaondoka mwaka 1995, nafasi yake ikachukuliwa na koili, na gari likaacha kumrusha dereva kila linapogusa tuta. Katika miaka ya 2000 wakubwa wa Suzuki walijaribu kuwa wa kisasa, wakaondoa mkono wa kuingizia fo-wili wakaweka kitufe cha kubonyeza kwenye dashibodi.

Nitaweka hapa jambo moja la pembeni kwa sababu linachekesha. Mwaka 2007 timu ya Jeep ilipanda volkano ya Ojos del Salado nchini Chile, ikafika mita 6,646, ikadai rekodi ya dunia ya gari la magurudumu manne. Haikupita hata miezi miwili, Wachile wawili, Gonzalo Bravo na Eduardo Canales, wakaipita kwa Suzuki Samurai iliyofanyiwa marekebisho: mita 6,688, Aprili 21. Rekodi hiyo imeshavunjwa na magari makubwa zaidi, ila iliwekwa na gari ambalo Marekani lilikuwa limezikwa zamani.

Kizazi cha nne kilitoka Julai 5, 2018, na hapo ndipo dunia ilipopigwa na butwaa. Suzuki ilitangaza kwamba hadi wakati ule Jimny milioni 2.85 zilikuwa zimeuzwa katika nchi na maeneo 194. Gari jipya halikuwa jipya kwa maana ya wengi. Chesi ilibaki, ikaongezewa vyuma vya kukatiza, na kimoja cha umbo la X katikati, ili isijipinde. Ekseli zilibaki nzima. Mkono wa fo-wili ulirudi pale kati ya viti, kitufe kikatupwa.

Ukilitazama kwa karibu utaona watu waliolichora waliwauliza wanaolitumia. Ukingo wa dirisha la mbele umeshushwa upande wa kioo cha pembeni, ili dereva aone gurudumu linakanyaga wapi. Kwenye ukingo wa paa kuna mfereji mdogo, kitu ambacho magari ya kisasa yalikiacha zamani, ili mlango ukifunguliwa maji yasimwagike kitini. Taa za nyuma zimeshushwa hadi kwenye bampa, mlango wa nyuma ukapata upana. Vitufe ni vikubwa, vya kubonyezwa na mtu aliyevaa glovu. Kuna rangi ya njano kali iliyowekwa ili gari lionekane kwenye hali mbaya ya hewa, na kijani cha msitu kwa anayetaka lisionekane.

Watu wa mjini wakaipenda. Hili halikuwa kwenye mpango. Foleni ya kuisubiri ikapita mwaka mzima nchini Japan kwenyewe, na mwaka 2019 ikashinda tuzo ya dunia ya gari la mjini, tuzo ambayo ukiifikiria ni kichekesho kwa gari lenye ekseli za lori. Wapo wanaosema Suzuki ilibana makusudi ili kulipandisha hadhi. Mimi naona kampuni iliyopiga hesabu kwa mkata miti, ikashtukizwa na foleni ya wapiga picha.

Mapenzi hayo yamefanya watu wanyamaze kuhusu kasoro. Kipimo cha ajali cha Euro NCAP mwaka 2018 kiliipa nyota 3 kati ya 5. Viti vya nyuma vikitumika, mizigo haina pa kukaa. Injini ya lita 1.5 yenye nguvu za farasi 102 inasukuma boksi dhidi ya upepo, na inakunywa mafuta kuliko gari la ukubwa wake linavyopaswa kunywa. Kasoro hii ya mwisho ndiyo iliyoiua Jimny huko Ulaya. Umoja wa Ulaya uliweka wastani wa gramu 95 za kaboni dioksidi kwa kilomita kwa magari ya abiria ya kila kampuni, na faini kwa anayezidi. Jimny ilikuwa mbali sana juu ya hapo, na kwa kampuni ndogo kama Suzuki kila moja iliyouzwa iliharibu hesabu ya magari mengine yote.

Tazama walivyoponyoka kwa muda. Magari ya mizigo yana kipimo chao, kilicho legevu zaidi. Suzuki ikang'oa viti vya nyuma, ikaweka sakafu bapa na wavu wa kutenganisha mizigo, ikaisajili Jimny kama gari la kazi lenye viti viwili. Mwaka 1970 sheria ya urefu ilikula kiti cha nne. Nusu karne baadaye sheria ya moshi ikala vyote viwili vya nyuma. Ujanja ule ulidumu miaka michache, kisha Jimny ikaondolewa katika masoko ya Ulaya.

Sasa kuna Jimny ya milango mitano. Ilionyeshwa India Januari 2023, inaundwa na Maruti Suzuki huko Gurugram, na umbali kati ya ekseli umeongezwa kwa milimita 340 hadi kufika 2,590. Januari 30, 2025 ilitangazwa Japan kwa jina la Jimny Nomade, ikipangiwa magari 1,200 kwa mwezi. Ndani ya siku nne maagizo yakafika takriban 50,000, na Suzuki ikasimamisha kupokea mengine. Kwa kasi iliyopangwa, hiyo ilikuwa kazi ya zaidi ya miaka mitatu.

Wahafidhina wanalalamika kwamba milango ya ziada ni usaliti. Siungani nao. Gypsy ilikuwa ndefu na hakuna aliyeitilia shaka msituni. Chesi ya Nomade ni ya aina ileile, ekseli ni zilezile, na familia yenye mtoto ina haki ya mlango wa nyuma. Kinachonishughulisha ni kingine. Matoleo marefu ya zamani yalikuwa zaidi ya nje. Nyumbani Jimny kubwa kwa kawaida ilikuwa bodi ya kei iliyovalishwa bampa na madigadi. Nomade haiwezi kuvuliwa chochote ikarudi kuwa kei. Ni gari la jina hili ambalo Wajapani wenyewe wamelipangia foleni bila kujali mita 3.4 wala yen 10,800, na linaingia kwa meli kutoka India.

Kwa hiyo siku wahandisi watakapokaa kuchora kizazi cha tano, ningependa kujua wataanza na karatasi ipi. Wakianza na kei kisha wakairefusha, kama walivyofanya safari hii, ekseli nzima na chesi vitakuwa na sababu ya kuwapo, maana katika mita 3.4 hakuna anayekuja kutafuta starehe. Wakianza na Nomade, kitu cha kwanza kitakachojadiliwa mezani ni mtetemo wa usukani kwenye mwendo wa kilomita 120, na jibu la tatizo hilo wanalijua tangu mwaka 1988: ni magurudumu ya mbele yanayojitegemea.